Pikapu stelingi nzito na pampu imeshabadilishwa: nipime wapi kabla ya kununua kingine?

Mlowa_Barabarani

Wakuu habari za majukumu. Gari ni Toyota Hilux LN166, injini ya diseli aina ya 5L, iko Dodoma, inabeba mahindi na mashudu ya alizeti njia ya Kongwa na Mpwapwa. Stelingi imekuwa nzito pande zote mbili, kwenye kuegesha ndiyo balaa kabisa. Ukishakata kona usukani haurudi wenyewe, mpaka uurudishe kwa mkono. Hakuna mlio wowote. Haidroliki (mafuta ya stelingi) iko kwenye alama na bado ni nyekundu.

Fundi alisema pampu. Ikafungwa pampu ya mtumba, hakuna kilichobadilika. Sasa anasema stelingi boksi. Kabla hela haijatoka tena, naomba wanaozijua hizi gari wanipe vipimo vya kutenganisha tatizo. Kubahatisha tumeshabahatisha vya kutosha.

Chuma_cha_Bahi

Boksi hiyo mkuu. Pale juu kuna skrubu yenye nati, legeza nati, zungusha skrubu nusu raundi, kaza nati. Dakika tano umemaliza.

Spana17

Mlowa, usiiguse hiyo skrubu. Chuma_cha_Bahi samahani, lakini ushauri huo ndio unaoua maboksi mengi. Ile skrubu kazi yake ni kupunguza uhuru wa meno ya sekta shafti (shafti inayotoka kwenye boksi kwenda kwenye magurudumu) pale usukani unapocheza bila magurudumu kufuata. Ukiikaza wakati tatizo ni uzito unaongeza uzito juu ya uzito, na meno yanaanza kulana pale katikati ambapo usukani unakaa muda mwingi. Na mpaka leo hatujui aliyeifungua gari hii mara ya mwisho aliikaza kiasi gani.

Turudi kwenye dalili. Umesema mambo mawili yanayoiondolea pampu lawama kabla hata ya kufungua boneti: haina mlio, na usukani haurudi wenyewe baada ya kona. Pampu iliyochoka inafanya usukani uwe mzito kuukata, lakini gari ikiwa kwenye mwendo magurudumu hujinyoosha yenyewe, maana kinachoyarudisha ni kasta, ule mlalo wa boljointi (kiungo cha tufe ambacho gurudumu linageukia) ya juu kwenda nyuma ya ile ya chini. Usukani usiporudi, kuna kitu kinakamata njiani: boljointi, krosi (kiungo kinachopinda) ya shafti ya stelingi, aidla amu (mkono unaoshika linki upande wa pili wa boksi), au boksi iliyokazwa kupita kiasi. Hivyo vyote ni vyuma, havihusiani na haidroliki.

Fanya vipimo kwa mpangilio huu, usiruke.

Kwanza upepo wa tairi za mbele, asubuhi kabla gari haijatembea. Soma kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Hilux nyingi mbele ziko kwenye PSI 29 hadi 32. Tairi ya mbele ikiwa na PSI 20 inaongeza uzito ambao hakuna pampu itakayouficha. Usiamini kipimo cha kupiga teke.

Pili tafuta mizani ya kuning'iniza, ile ya ndoano wanayopimia mazao au nyama. Simamisha gari kwenye sakafu ya zege, magurudumu yamenyooka, injini inanguruma kwenye sailensi (bila kukanyaga mafuta). Funga kamba kwenye ukingo wa usukani upande wa namba 3 ya saa, vuta kwa mizani kuelekea chini, soma kilo usukani unapoanza kuzunguka na unapoendelea kuzunguka. Pawa stelingi nzima ya gari hii inakaa kwenye kilo 4 au chini yake. Andika namba yako. Kila utakachorekebisha utarudi kwenye mizani, na hapo ndipo utajua kama umelipia kitu au hewa.

Tatu zima injini, zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, inua mbele yote, weka stendi chini ya chesisi. Jeki peke yake haitoshi, tena kwenye udongo wa mbuga ukiwa na unyevu jeki inazama huku unaiangalia. Zungusha usukani taratibu kutoka mwisho hadi mwisho. Gari yenye pawa ikizimwa lazima iwe nzito kiasi, kwa kuwa unasukuma mafuta kwa mkono, lakini uzito huo uwe sawa njia nzima. Ukikuta sehemu ngumu, hesabu zinajirudia vipi:

Ngumu mara mbili kwa kila raundi moja ya usukani, zikiwa zinatazamana, hiyo ni krosi. Ngumu pale katikati tu magurudumu yakiwa yamenyooka, hiyo ni skrubu ya boksi iliyokazwa mno. Ngumu kadiri unavyokaribia mwisho wa upande mmoja, angalia boljointi na tairodi (fito zinazogeuza magurudumu) za upande huo. Ngumu sawasawa kila mahali na hairudi, inaweza kuwa boljointi za pande zote au aidla amu.

Lete majibu tuendelee.

Zabibu_Kavu

Hapo kwenye mizani nimeinua mikono. Watu wananunua stelingi boksi nzima na mizani ipo hapo kwa muuza nyama.

Mlowa_Barabarani

Majibu haya hapa. Upepo: kulia PSI 24, kushoto PSI 22. Nimejaza zote 32.

Mizani kabla ya kujaza upepo kilo 9. Baada ya kujaza kilo 7 na nusu.

Magurudumu yakiwa juu, injini imezimwa: kuna sehemu mbili ngumu kila raundi, zinatazamana kama ulivyosema. Lakini hata katikati ya hizo sehemu bado ni nzito kuliko inavyotakiwa, na upande wa kushoto kuna sauti ya kukwaruza kama mlango mkavu.

Spana17

Safi sana. Una magonjwa mawili kwa pamoja, ndiyo maana pampu mpya haikuonyesha tofauti. Sehemu mbili ngumu ni krosi. Sauti ya mlango mkavu ni boljointi, na naiwekea dau ile ya chini kushoto.

Thibitisha kwa kutenganisha. Toa kotapini (pini zinazozuia nati) za tairodi za nje, pande zote mbili. Legeza nati hadi iwe sawa na ncha ya uzi lakini isitoke, ili tairodi ikiachia isikupige. Tumia pula (chombo cha kung'olea). Huna pula, gonga ubavuni mwa jicho la nako (kipande kinachobeba gurudumu) linaloshika tairodi, upande wa pili pawe na nyundo nzito ya kupokea pigo, mara mbili tatu itaruka yenyewe. Usigonge ncha ya uzi, hapo ndipo tairodi nzima zinapogeuka kuwa chuma chakavu.

Kabla hujazungusha nako kwa mkono, weka jeki chini ya amu ya chini na uinue kidogo mpaka amu ikae kama inavyokaa gari ikiwa chini. Gurudumu likining'inia boljointi inakuwa kwenye pembe ya mwisho, na hata nzima inaweza kukudanganya kwamba imekufa. Hapo sasa shika gurudumu, lizungushe kulia na kushoto. Inatakiwa iende laini, kwa uzito uleule njia nzima.

Halafu kaa kwenye kiti, zungusha usukani tairodi zikiwa hazijaunganishwa. Kilichobaki hapo ni boksi, aidla amu, senta linki na krosi. Sehemu mbili ngumu zikiwepo bado, ni krosi kweli.

Fundi_Umeme_Nzuguni

Naongezea hapo. Kama gari ina eabegi kwenye usukani, shafti ikichomolewa usukani usiachwe uzunguke huru. Ndani kuna utepe wa waya uliojisokota, una idadi yake ya raundi. Ukizidisha unakatika, taa ya eabegi inawaka na honi inakufa. Nyoosha magurudumu, kisha pitisha mkanda wa kiti katikati ya usukani na uufunge.

Mama_Spea

Mlowa, ukienda dukani usiseme tu "boljointi ya Hilux". LN106 ina ekseli nzima mbele, haina hata boljointi hizo. LN166 ina zake za juu na za chini, na kushoto na kulia usichanganye. Nenda na namba ya chesisi au nenda na ile ya zamani mkononi. Ukiishika mpya, izungushe kwa vidole: ikiwa imelegea kabisa kama kengele, rudisha, hiyo ni famba. Mpya ya kweli ina ugumu kidogo lakini laini, haikwami. Mpira wa vumbi uwe mzima na umebanwa na pete, maana vumbi la huku halisubiri mwezi.

Kwa krosi, mara nyingi huuzwa pamoja na shafti fupi yake. Ya mtumba ipo, lakini ikunje pande zote nne kabla ya kulipa. Ikikwama hata kidogo upande mmoja, unanunua ugonjwa uleule.

Mlowa_Barabarani

Nimetenganisha. Kulia nako inazunguka kwa mkono mmoja bila shida. Kushoto mpaka mikono miwili, na ile sauti inatoka hapo hapo chini. Usukani peke yake bado una sehemu mbili ngumu.

Swali: krosi naweza kuilainisha kwanza?

Spana17

Unaweza, kwa muda. Ipulizie mafuta ya kulegeza kutu kwenye vikombe vyote vinne, subiri robo saa, ikunje huku na huku, rudia mara tatu nne. Mara nyingi inalegea. Ila hiyo krosi haina nipeli ya kupigia grisi, grisi ya ndani imeshakauka kwa joto la eksozi na vumbi, na mafuta uliyopuliza yanaosha hata ile iliyobaki. Baada ya wiki chache inarudi. Krosi inayokwama inaweza pia kukuachia ghafla katikati ya kona. Nunua nyingine.

Kuifungua: magurudumu yamenyooka, usukani umefungwa kwa mkanda. Piga alama ya rangi kwenye shafti na kwenye shingo ya boksi ili irudi kwenye jino lilelile. Boliti ya kubana lazima itoke yote, kulegeza hakutoshi, maana inapita kwenye mfereji wa shafti na ndiyo inayoizuia isichomoke. Wapo wanaolegeza tu kisha wanagonga nyundo nusu saa wakishangaa. Ukirudisha, hakikisha boliti imepita kwenye mfereji, la sivyo siku moja shafti itachomoka ukiwa mteremkoni.

Boljointi ya chini: gari hii ina tosheni ba, fito inayofanya kazi ya springi, imejikunja na ina nguvu ya kukuvunja mkono. Amu ya chini iwe imebebwa na jeki muda wote. Ukilazimika kulegeza boliti ya tosheni ba kule nyuma, pima kwanza urefu wa uzi unaoonekana na uandike, ili urefu wa gari kutoka chini usibadilike. Kotapini ziwe mpya. Ukipata boljointi yenye plagi badala ya nipeli, toa plagi, funga nipeli, piga grisi mpaka mpira uvimbe kidogo tu. Ukipasuka ni hasara juu ya hasara.

Dereva_Manyoni

Wakuu msiondoke, mimi yangu ni tofauti. Hilux Vigo ya diseli. Asubuhi ikiwa baridi stelingi ngumu, hasa miezi ya Juni na Julai, ikishapata moto dakika kumi inakuwa nyepesi. Haina mvujo unaoonekana.

Haidroliki_Pekee

Dereva, Vigo haina stelingi boksi, ina raki (fito yenye meno inayosukuma tairodi moja kwa moja). Sasa hapo tunaingia upande wa mafuta.

Nzito ikiwa baridi na nyepesi ikipata moto, fikiria mambo mawili. La kwanza mafuta mazito au yasiyo yake. Toyota hizi zinatumia ATF (mafuta ya giaboksi ya otomatiki) ya Dexron II au III. Kuna watu humwaga oili ya injini ya 40 humo kwa kuwa "yote ni mafuta". Asubuhi ya Dodoma yenye ubaridi oili hiyo inapita kwa shida. La pili ni pete za teflon kwenye valvu ya raki. Zikilika, au zikichimba mifereji kwenye nyumba yake, mafuta yanavuja ndani kwa ndani kutoka upande wa presha kwenda upande wa kurudi. Raki ikipata moto vyuma na pete vinatanuka, panaziba kidogo. Anza na kubadili mafuta kwa sababu ndiyo rahisi. Tatizo likibaki, ni valvu ya raki.

Kinyume chake, nyepesi asubuhi na nzito ikishapata moto, hasa kwenye sailensi, ndiyo dalili ya pampu iliyolika: mafuta yakiwa membamba yanaponyoka pembeni ya mabapa yake. Ukipiga resi inakuwa nyepesi, ukiachia inarudi nzito.

Nzito upande mmoja tu, kulia ngumu kushoto rahisi, acha pampu. Pampu haijui kulia wala kushoto. Hiyo ni valvu au sili ya pistoni ndani ya raki au boksi.

Inashtuka na kukwama ukizungusha haraka, ukienda polepole ni sawa: mkanda unateleza, mafuta yamepungua au kuna hewa.

Na kabla ya kulaumu raki, minya zile mipira za akodiani pembeni. Zikijaa mafuta, sili za ndani zimekufa. Zikipasuka, vumbi na maji ya mabwawa ya masika yanaingia, ile fito inaota kutu, na kutu hiyo inakata sili kama msumeno. Kubadili seti ya sili kwenye fito yenye kutu ni kazi bure, itavuja tena. Pitisha ukucha kwenye fito: ukikwaruza, tafuta raki nyingine.

Zabibu_Kavu

Haidroliki_Pekee, pampu yenyewe inapimwaje? Maana huku ikishasemwa "pampu" hakuna anayeleta geji.

Haidroliki_Pekee

Geji yenye valvu inafungwa kati ya pampu na paipu ya presha. Pasha mafuta moto mpaka nyuzi 75 hadi 80 kwa kuzungusha usukani injini ikinguruma. Injini kwenye sailensi, funga valvu, soma presha. Usiifunge zaidi ya sekunde 10, pampu inaungua. Kwa pikapu nyingi za aina hii tegemea kilo 70 kwa sentimita ya mraba kwenda juu, namba kamili iko kwenye manuali ya injini yako. Ikiwa chini, pampu au valvu yake ya kudhibiti mtiririko ni mbovu.

Ikiwa presha ni nzuri, fungua valvu yote, kata usukani mpaka mwisho, soma tena. Inatakiwa ifanane na ile ya kwanza. Ikiwa chini sana, mafuta yanavuja ndani ya boksi au raki. Ona sasa, dakika kumi na umeshajua ununue nini.

Kipimo cha tatu hufanywa na wachache: valvu ikiwa wazi na usukani umenyooka, soma presha injini ikiwa kwenye mizunguko 1,000, halafu 3,000. Tofauti isizidi kilo 5. Ikizidi, valvu ya mtiririko inakwama, na mara nyingi dawa yake ni kuitoa, kuiosha kwa dizeli safi na kuona kama inateleza kwenye tundu lake kwa uzito wake yenyewe. Hapo watu wanatupa pampu nzima kwa sababu ya uchafu mdogo kuliko mbegu ya ufuta.

Huna geji kabisa? Injini kwenye sailensi, kata mpaka mwisho kwa sekunde mbili tatu. Injini ikizama kidogo na ukasikia mafuta yanazomea, pampu inasukuma. Injini isipotikisika hata kidogo na usukani ni mzito, pampu haisukumi au mkanda unateleza. Hii haikupi namba, inakupa mwelekeo tu.

Chuma_cha_Bahi

Sawa, nimekubali lile la skrubu. Lakini mkanda msiusahau. Kwenye injini za 3L na 5L pampu inavutwa na mkanda, na mkanda unaonekana umekaza kumbe unateleza.

Spana17

Hapo umegonga penyewe. Mkanda wa umbo la V unashika kwa mbavu zake, tumbo halitakiwi kugusa. Ukilika unashuka mpaka unakalia tumbo la puli, hapo hata uukaze vipi utateleza. Angalia kutoka pembeni: mgongo wa mkanda uwe karibu sawa na ukingo wa puli. Mbavu ziking'aa kama kioo, badilisha. Ukaze hivi: bonyeza katikati ya puli mbili kwa nguvu kama ya kilo 10, ulegee kama milimita 10. Kukaza kama uzi wa gitaa kunaua beringi ya pampu. Na kama kuna oili inayodondokea mkanda, ziba mvujo kwanza, mkanda mpya hautadumu.

Mama_Spea

Kuna mtu wiki hii kaja kuulizia sili za pampu, kumbe walijaza mafuta ya breki. Naomba muwaeleze watu.

Haidroliki_Pekee

Mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 si mafuta ya madini kama ATF, na mipira ya pawa stelingi imetengenezwa kuhimili mafuta ya madini. Ikikutana nayo inavimba na kulainika, halafu inavuja kila mahali. Ukigundua kabla ya kuwasha injini, usiwashe. Nyonya yote kwenye kikopo, toa paipu ya kurudi, osha kwa ATF mpaka itoke nyekundu safi. Ikiwa imetembea siku kadhaa, jiandae kubadili sili zote, kusafisha peke yake hakutaokoa.

Kubadili mafuta kwa kawaida: nunua lita 2, mfumo wenyewe unabeba kama lita 1, inayobaki ni ya kuoshea. Inua magurudumu ya mbele. Chomoa paipu ya kurudi kwenye kikopo, iingize kwenye chupa, ziba tundu la kikopo. Injini imezimwa, mwenzako azungushe usukani mwisho hadi mwisho taratibu, wewe unajaza kikopo kisikauke hata mara moja. Kikikauka umeingiza hewa na kazi inaanza upya. Ikitoka safi, rudisha paipu.

Vikopo vingine vina chujio la wavu chini. Likiziba kwa vumbi na vipande vya mipira pampu inalia na stelingi inakuwa nzito hata mafuta yakiwa mapya. Likioshwa vizuri kazi kwisha, lisipooshika badilisha kikopo.

Kutoa hewa: magurudumu bado yako juu, injini imezimwa, zungusha mwisho hadi mwisho polepole mara kadhaa, ongeza mafuta. Shusha gari, washa, acha sailensi, zungusha mwisho hadi mwisho, shikilia kila mwisho sekunde mbili au tatu tu. Rudia mpaka povu liishe. Kisha kipimo cha mwisho: injini ikinguruma angalia usawa wa mafuta, zima, angalia tena. Mafuta yakipanda zaidi ya milimita 5 bado kuna hewa ndani. Hewa ikikataa kuisha, inaingilia upande wa kunyonya, kati ya kikopo na pampu. Hapo hapavuji mafuta nje, panavuta hewa ndani, ndiyo maana hamuoni tone. Badilisha kibano na paipu hiyo laini.

Msafirishaji_Kibaigwa

Land Cruiser pikapu, injini 1HZ. Haidroliki inapungua kila wiki, stelingi inakuwa nzito, nikiongeza inakaa sawa. Chini ya gari pakavu kabisa. Mafuta yanaenda wapi?

Spana17

Chomoa dipstiki ya oili ya injini sasa hivi. Kwenye 1HZ pampu ya stelingi haizungushwi na mkanda, inazungushwa na gia kutoka kwenye kava ya taimingi. Sili ya shafti ya pampu ikichoka, haidroliki inaingia ndani ya injini. Kama oili ya injini imepanda juu ya alama na hukuiongeza, umepata jibu. Usiendeshe hivyo kwa muda mrefu, ATF inaifanya oili iwe nyembamba. Toa pampu, badilisha sili ya shafti na oringi ya pampu, mwaga oili ya injini na chujio lake, jaza mpya.

Na kwa wenye injini za petroli, mfano 3RZ: pampu nyingi zina valvu ndogo yenye mipira miwili ya hewa inayokwenda kwenye manifoldi, kazi yake ni kupandisha sailensi ukikata usukani. Ikifa, injini inanyonya haidroliki. Utaona moshi mweupe na mafuta yanapungua bila kudondoka. Chomoa mipira hiyo miwili: ikiwa na unyevu mwekundu ndani, badilisha valvu.

Kwa kuwa tumegusa Land Cruiser: hizo na LN106 zenye ekseli nzima hazina boljointi, zina beringi mbili juu na chini ya tufe la nako. Zikikaushwa na vumbi, au grisi ikigeuka supu kwa sababu sili ya ndani ya ekseli inapitisha oili ya difu, stelingi inakuwa nzito na inakaa popote unapoiacha. Kwenye kufunga upya, pima kwa mizani ileile: chomoa tairodi, sili ya nje ya tufe iwe haijafungwa, vuta kwenye tundu la tairodi. Nako ianze kuzunguka kati ya kilo 3 na 6. Ukipunguza vibati vya kupangia inakaza, ukiongeza inalegea, watu wengi huelewa kinyume.

Fundi_Umeme_Nzuguni

Kwa wenye Ford Ranger zilizotengenezwa kuanzia mabadiliko ya 2015, hizo ni za umeme, msitafute kikopo cha haidroliki hakipo. Stelingi ikiwa nzito na taa ikawaka, anza na betri. Injini ikinguruma voltimita isome kati ya 13.5 na 14.5 kwenye betri. Halafu pima kati ya bodi na ncha hasi ya betri ukiwa unazungusha usukani, ikizidi nusu volti, waya wa earthi umeota kutu. Mota hiyo inavuta umeme mwingi, earthi mbovu inaiua kabla ya kitu kingine. Baada ya hapo ndipo msome kodi za hitilafu kwa mashine.

Mlowa_Barabarani

Nimefunga boljointi ya chini kushoto na krosi mpya. Magurudumu juu, usukani unazunguka laini bila sehemu ngumu. Chini, sakafu ileile, upepo 32: kilo 4 kasoro. Usukani unarudi wenyewe. Ile pampu ya mtumba imebaki humohumo, ya zamani iko kwenye gunia.

Limebaki moja. Sasa barabarani inavuta kidogo kushoto, na usukani hauko katikati kabisa, umeinama kama saa moja kasoro.

Spana17

Vuta kushoto: pima kwanza urefu wa gari mbele, kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, kushoto na kulia, gari ikiwa tupu kwenye zege. Ikitofautiana, boliti ya tosheni ba ya kushoto haikurudi kwenye urefu ulioandika. Irekebishe hiyo kabla ya kwenda wili alaimenti, maana urefu ukibadilika baada ya alaimenti hela imekwenda.

Usukani kuinama: kama ulirudisha krosi kwa alama, usichomoe usukani wala shafti. Waambie wa alaimenti wanyooshe usukani kwa kuzungusha mikono ya tairodi, kulia na kushoto kwa kiasi kinacholingana, upande mmoja urefuke na mwingine ufupike. Ukihamisha usukani jino moja, utaonekana umenyooka lakini boksi itabaki nje ya katikati yake, na pale katikati ndipo boksi ilipobanwa vizuri zaidi.

Na pampu ya zamani iliyo kwenye gunia, itunze.